Mdomo wa Buli: Maoni Juu ya Mabuli ya Udongo ya Mama Wafinyanzi wa Moba

Wasomaji wa kijitabu hiki wamezoea kukuta humu habari za ndoa, za matanga, za ngoma na za majina ya wazee. Safari hii tunaomba ruhusa tuongee juu ya kitu kidogo, tena cha juzijuzi: buli. Hatusemi birika. Watu wengi hapa kwetu wanachanganya vitu hivyo viwili. Birika inapanda motoni, inachemsha maji, na hata ikiwa nyeusi kwa masizi hakuna anayeshangaa. Buli halipandi motoni. Linapokea maji ya moto na majani ya chai, linakaa mezani mbele ya mgeni, na kazi yake kubwa ni moja tu: kumimina. Sasa mama wafinyanzi wetu wameanza kufinyanga mabuli, na sisi tulipata nafasi ya kuyaangalia kwa karibu. Tuliyoyaona yanafurahisha na yanatia wasiwasi pamoja.

Kwanza tujibu wazee waliotuuliza kama buli ni mila. “Babu zetu hawakunywa chai,” mmoja alituambia, na iko kweli. Mfinyanzi wa zamani alitengeneza nyungu ya kupikia, mtungi wa maji na chungu cha pombe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo, tunavyovijua sisi, chenye bomba la kumiminia pembeni kama la buli. Lakini hapa Moba tuko watu wa ziwa, na ziwa limeleta mengi. Kiswahili hiki tunachoandikia kilivuka maji pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji. Kapiteni Storms alijenga kituo chake Mpala mwaka wa 1883, Mapadri Weupe wakakipokea mwaka wa 1885, na mwaka wa 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Babu zetu walijifunza kufyatua tofali kwa udongo huu huu ambao bibi zetu walikuwa wanafinyangia nyungu. Padri Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, aliyepadirishwa mwaka wa 1917, alishika kalamu, chombo ambacho babu yake hakukijua, akaandika juu ya fikra za watu wake. Hakuna anayesema kwamba kwa kushika kalamu aliacha kuwa mtu wa kwetu. Basi mama anayefinyanga buli naye asinyimwe nafasi yake. Kumpokea mgeni ni mila ya zamani sana. Chai ni njia mpya tu ya kuitimiza.

Tuingie katika neno lenyewe. Katika maonyesho ya kazi za mikono yaliyofanyika hapa kwetu, mabuli matatu ya udongo yaliwekwa mezani. Kamati iliyazunguka, ikayainua, ikayageuza, ikasifu michoro, ikatoa zawadi ya kwanza kwa moja. Hakuna aliyetia maji. Sisi tuliyaomba kwa siku chache, tukayapeleka darasani, na pamoja na wanafunzi wetu wa mwaka wa tano tukaweka ndoo ya maji, vikombe sita na karatasi nyeupe chini ya kila kikombe ili tuone matone. Tulianza na maji baridi, tukamaliza na chai ya moto kweli. Ndipo tulipoelewa kwamba maonyesho yalihukumu kitu kingine, siyo mabuli.

Buli la zawadi ni zuri, hatubishi. Tumbo lake ni la mviringo, shingo ya bomba imepinda kama ya korongo, na kuzunguka mabega yake kuna safu ya pembetatu zilizochongwa kwa mkono usiotetemeka. Ni ule mchoro ambao kwa Kitabwa unaitwa balamwezi, kuzuka kwa mwezi mpya. Allen Roberts na Evan Maurer waliutumia kuwa jina la kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya sanaa ya Watabwa. Kuuona mchoro huo, ambao wengi wetu tumeukuta katika sanamu za zamani tu, ukiwa juu ya chombo cha mezani, kunagusa moyo. Mfinyanzi aliyeuleta hapo amefanya kazi ambayo sisi walimu tumeshindwa kuifanya kwa maneno.

Lakini lijaze maji. Kabla maji hayajafika kwenye shingo ya buli, yanaanza kutoka yenyewe kwa bomba, juu ya meza, na hakuna mtu aliyeinamisha kitu. Sababu yake mwanafunzi yeyote aliyesoma fizike anaijua: maji katika vyombo vilivyoungana yanasimama usawa mmoja. Ncha ya bomba iko chini ya ukingo wa buli, kwa hiyo buli halijai hata siku moja. Theluthi ya juu ni pambo tu. Haya, tukalijaza mpaka pale linapokubali, tukainamisha. Chai ikatoka kidogo, ikakoroma, ikasimama, ikaruka, ikasimama tena. Mwanafunzi mmoja alisema: “Mwalimu, chai iko inakataa kutoka.” Haikuwa inakataa. Kifuniko kimekaa vizuri sana, hakina kitundu cha hewa, na hewa inabaki na njia moja, ileile ambayo chai inataka kutokea. Wanapigana mlangoni. Tena nyuma ya bomba, ndani ya tumbo, kuna tundu moja tu, dogo kuliko ncha ya kidole, na majani ya chai yaliliziba mara moja. Kikombe cha tatu hatukukimaliza.

Buli la pili lina historia ya kuchekesha kidogo. Kijana mmoja alimwonyesha mama yake picha katika simu: buli dogo la Kijapani, la udongo mwekundu, lenye mkono wake pembeni, siyo nyuma kama tulivyozoea. Mama akalipenda, akalifinyanga kwa kuangalia ile picha. Umbo alilipata sawasawa, tunampa heshima yake. Ila picha haionyeshi kitu kikimimina.

Wajapani mabuli ya namna ile wanayaita kyusu, na mji wa Tokoname ni moja ya mahali yanapojulikana sana. Ni madogo, mara nyingi yanajaza vikombe viwili vitatu tu, na udogo huo una sababu. Majani ya chai yao ya kijani yakibaki ndani ya maji yanakuwa machungu, kwa hiyo buli linatakiwa limwage yote, mpaka tone la mwisho. Mwenye nyumba anamimina kidogo kidogo katika kila kikombe, anakwenda na kurudi, ili mgeni wa kwanza asipate chai nyepesi na wa mwisho chai nzito. Mkono wa pembeni unamwezesha kuzungusha kiganja tu, kidole gumba kikishika kifuniko. Ndani, pale bomba linapoanzia, mfinyanzi anatoboa matundu madogo mengi yanayozuia majani, na matundu hayo yote pamoja yanapaswa kupitisha maji mengi kuliko ncha ya bomba, kusudi ncha ndiyo iamue nguvu ya mmiminiko. Kwenye kifuniko kuna kitundu cha hewa. Ukikiziba kwa kidole na mmiminiko ukakatika, ujue kifuniko kimekaa vema. Kazi hiyo wenyewe wanaiheshimu sana: mwaka 1998 serikali ya Japani ilimtangaza mfinyanzi wa Tokoname, Yamada Jozan wa tatu, kuwa hazina hai ya taifa, na alijulikana hasa kwa mabuli.

Mama yetu aliona nje tu. Hakuona matundu ya ndani, hakuona kitundu cha hewa. Na mkono aliubandika upande wa pili: ukielekeza mkono wa buli kwako, bomba linaangalia kulia. Kwa hiyo anayetumia mkono wa kuume inabidi apindishe kiwiko kama anayechota maji nyuma ya mgongo wake, au ahamishie mkono wa kushoto. Na hapa kwetu, wasomaji wanajua, nani atammiminia baba mkwe chai kwa mkono wa kushoto? Kosa la Kijapani likawa kosa la adabu ya Kitabwa. Dawa yake iko rahisi: ukishika mkono wa buli kwa kuume, bomba liangalie kushoto. Basi.

Sasa buli la tatu. Hakuna aliyelisifu siku ile. Ni jeusi upande mmoja kwa moto usio sawa, bomba lake ni fupi na nene, halina mchoro hata mmoja. Tulilitia maji kwa kutimiza wajibu tu. Likamimina vikombe sita, na karatasi sita zikabaki kavu. Tukarudia polepole, kwa namna mtoto anavyomimina akiogopa kuunguza mtu. Kavu. Ulipoinua mkono, mmiminiko ulikatika palepale.

Kabla ya kusema siri yake, tueleze ugonjwa wenyewe, sababu uko katika kila nyumba ya Moba. Unamimina chai, na badala ya kuanguka yote katika kikombe, sehemu yake inarudi chini ya mdomo, inachuruzika kwenye koo la buli na kuishia juu ya kitambaa. Birika zetu za alumini zinafanya hivyo kila asubuhi. Msichana wa nyumba anagombezwa mbele ya wageni: hujui kumimina! Sisi tunasema waziwazi kwamba mara nyingi kosa haliko kwa mtoto, liko kwa mdomo. Na kuna ubaya zaidi: ugonjwa huu unazidi pale unapomimina polepole. Mtoto mwenye heshima, anayemimina taratibu kwa kuogopa kumrushia mgeni chai, ndiye anayelowesha meza. Yule asiyejali, anayeinamisha kwa nguvu, meza yake inabaki kavu.

Wataalamu wamehangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 1956 Markus Reiner, mwanasayansi wa Israeli, aliandika juu yake na kulipa jina linalotokana na buli. Mwaka uliofuata Joseph Keller alionyesha kwamba hewa inayozunguka ndiyo inayousukuma mkondo ushikamane na mdomo. Mwaka 2010 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walionyesha mambo mawili: ukingo wa mdomo ukiwa mkali mkondo unaachana nao upesi, na mdomo ukipakwa kitu kinachokataa maji vilevile. Mwaka 2021 kundi lililoshirikiana na chuo kikuu cha ufundi cha Vienna likatoa hesabu kamili: tone dogo linabaki limeshikilia chini ya ukingo na kulowesha ngozi yake, nalo ndilo linalougeuza mkondo mzima. Ukingo wa mviringo unalikaribisha tone hilo. Ukingo mkali unalinyima mahali pa kushika.

Tulimtafuta mama aliyefinyanga buli la tatu, bibi mmoja wa makamo ya juu, hajui kusoma. Tukamuuliza mbona mdomo wa buli lake ni mkali hivi, karibu ukate kidole, na mabuli ya wenzake yamelainishwa. Alitushangaa kidogo. “Nilikata kama vile tunakata kata,” alisema. “Kata ukilainisha mdomo, maji inarudia mkono.”

Tulirudi nyumbani tukachukua kata ya kibuyu, ile ya kuchotea maji mtungini, tukaiangalia kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kweli kabisa. Kibuyu kinakatwa kwa kisu, ganda lake ni jembamba, ukingo unabaki na kona kali nje na ndani. Mimina kwa kata: maji yanaanguka, hayarudi. Dele la kahawa la watu wa pwani, Zanzibar na Lamu, lile lenye mdomo kama wa ndege, linafuata njia hiyohiyo kwa chuma: bati jembamba, ukingo mkali. Kwa hiyo walichokipimia watafiti wa Lyon na Vienna, bibi zetu walikuwa wanakishika kila siku kwa mkono. Hatusemi hivyo ili tujisifu. Hawakukiandika, na sisi tuliosoma hatukuwauliza.

Hapa ndipo tunapotofautiana na kamati, na tunaomba ichukuliwe kama neno la ndugu kwa ndugu. Mama wa buli la kwanza amelainisha ukingo kwa kokoto na kitambaa kibichi mpaka uwe mviringo kama mdomo wa mtungi. Alifanya vizuri kufuatana na alivyofundishwa: mdomo wa mtungi unalainishwa ili usivunjike na usikwaruze mkono. Lakini kazi ya mdomo wa mtungi siyo kumimina mkondo mwembamba. Akapewa zawadi ya kwanza kwa ulaini huo huo. Wasichana waliokuja kuangalia walijifunza nini? Kwamba buli linalofaa ni lile laini. Na wanunuzi je? Mtu mmoja alinunua buli la namna hiyo, akalirudisha baada ya wiki moja, akasema udongo ni wa zamani, bora anunue la kiwandani. Mama akapoteza faranga zake, na yule mtu akaondoka akiamini kwamba udongo wetu ndio mbaya. Mabidoni ya plastiki yameshaondoa mitungi katika nyumba nyingi, sufuria zimeondoa nyungu. Tukiwaachia mama hawa mabuli ya kuangaliwa tu kwenye kabati, tutawanunulia moja moja kwa huruma, halafu basi.

Kuna wanaosema buli la balamwezi ni sanaa, lisipimwe kwa maji. Hatukubali. Mfinyanzi mwenyewe hakusema anatengeneza sanamu. Alisema buli. Tumheshimu kwa kulipima kama buli.

Juu ya udongo wenyewe tupite haraka. Mabuli ya Tokoname yanachomwa katika tanuru yenye joto linalozidi nyuzi 1000, na udongo unafungana. Yetu yanachomwa kwenye moto wa wazi wa kuni na majani, ambao kwa kawaida haufungi udongo hivyo, na chombo kinatoa jasho. Kwa mtungi jasho ni baraka, ndilo linalopoza maji. Kwa buli ni kero. Kusugua kwa kokoto kabla ya kuchoma kunasaidia, na vilevile kutia uji mwepesi wa moto ndani na kuuacha uingie katika vitundu vya udongo. Tena tusijidharau: nyungu yetu inavumilia kukaa motoni, jambo ambalo buli la Kijapani halivumilii.

Kwa mama wanaoendelea kufinyanga, haya ndiyo tuliyokubaliana nao tulipokaa pamoja. Ncha ya bomba ipande kufikia ukingo wa buli au kuzidi kidogo. Bomba liwe pana linapotoka tumboni na lijibane kuelekea ncha. Matundu ya ndani yawe mengi, na yatobolewe makubwa kuliko yanavyotakiwa, sababu udongo unasinyaa ukikauka na ukichomwa. Kifuniko kikauke juu ya buli lake, visinyae pamoja; ukikianika mbali kitakataa kukaa. Kitundu cha hewa kisisahauliwe. Na ukingo wa mdomo ukatwe kwa uzi au kwa kisu chembamba udongo ukiwa umeanza kukaza, nusu mbichi nusu mkavu, kisha mtu asiuguse tena. Hilo la mwisho ndilo gumu kwao. Mkono wa mfinyanzi umezoea kulainisha. Tulimwona mmoja akikata ukingo vizuri kabisa, na alipokuwa anatusikiliza kidole chake kikarudi chenyewe kuulainisha.

Kwa mabuli yaliyokwisha kuchomwa bado kuna la kufanya. Jiwe la kunolea likipitishwa chini ya mdomo, taratibu, linarudisha kona. Kitundu cha hewa kinaweza kutobolewa kwa spoki ya baiskeli, kuizungusha tu bila kugonga. Na asiyetaka kugusa chombo apake mafuta ya mawese kidogo sana chini ya mdomo kabla wageni hawajaingia: maji yatakikataa kile kitone cha kwanza. Tulijaribu kwa buli la balamwezi, na meza ilibaki kavu kwa vikombe viwili, ingawa liliendelea kukoroma.

Kwa kamati ombi letu ni dogo. Maonyesho yajayo, pembeni ya meza ya mabuli iwekwe ndoo ya maji na vikombe, na kila anayehukumu amimine kwa mkono wake mwenyewe, mara moja kwa nguvu na mara moja polepole. Buli la zawadi bado liko katika kabati ya kioo. Tuliomba literemshwe, litobolewe kitundu cha hewa na kunolewa mdomo mbele ya mama aliyelifinyanga, ambaye yeye mwenyewe amekubali. Jibu bado hatujalipata. Yeye hakungoja: ameshaanza lingine, lenye pembetatu zilezile, na amekwenda kuazima kata kwa jirani yake.